Watoto Wetu Ugenini: Somo kwa Wazazi Waendao Marekani



Mtu mzima asafiriye peke yake huchukua dini yake, lugha yake na desturi zake moyoni, na huko aendako huweza kuzilinda kama atakavyo. Lakini mtoto wa miaka 4 au 6 hana bado cha kulinda. Yeye ni kama udongo mbichi. Kila mkono umgusao huacha alama. Kwa hiyo baba na mama wanaposafiri na watoto wadogo kwenda kukaa Marekani, iwe kwa masomo, kwa kazi au kwa kuhamia kabisa, yawapasa kujua kwamba hawachukui mizigo tu. Wamechukua amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa habari zake.

Somo hili limekusudiwa kwa wazazi wa namna hiyo, na pia kwa mtu anayeichunguza dini naye hujiuliza: Je, inawezekana kulea mtoto katika imani mahali ambapo majirani, walimu na watoto wenzake karibu wote hawaifuati? Tutatazama kwanza mfano wa zamani, kisha tutaingia katika mambo yenyewe ya nchi ile.

1. Watoto wa Habash

Karibu mwaka 615 Waislamu wa Makka walioteswa walianza kukimbilia Habash, nchi iliyotawaliwa na mfalme Mkristo aliyeitwa Najashi. Miongoni mwa waliohamia huko walikuwamo Jaafar bin Abi Talib r.a. na mkewe Asma binti Umais r.a. Huko ugenini walizaliwa watoto wao, na mmoja wao ni Abdullah bin Jaafar. Wazazi hao walikaa Habash zaidi ya miaka 10, wakarudi na kumkuta Mtume Mtukufu s.a.w. mwaka 628, siku za Khaibar.

Fikiri sana, ewe msomaji. Abdullah hakuiona Makka utotoni. Sauti alizozisikia njiani zilikuwa za Kihabeshi, na dini aliyoiona kwa majirani ilikuwa nyingine. Hata hivyo aliingia Madina akiwa Mwislamu, na akawa mtu mashuhuri kwa ukarimu wake. Ni nani aliyemfundisha? Hakukuwa na chuo cha Kurani Habash. Chuo chake kilikuwa nyumba ya wazazi wake.

Mfano wa pili ni wa msichana mdogo, Umm Khalid, binti Khalid bin Said r.a., ambaye naye alitoka Habash. Imesimuliwa katika Hadithi za Bukhari kwamba Mtume s.a.w. alimvisha nguo yenye nakshi, akaigusa ile nakshi na kumwambia neno la Kihabeshi lenye maana ya "nzuri". Tazama hekima hii! Hakumcheka mtoto kwa kuwa alikulia ugenini, wala hakumkemea kwa kujua lugha ya watu wengine. Alimkaribia kwa neno ambalo sikio lake limelizoea.

Tunapata hapa kanuni mbili. Kwanza, ugeni peke yake haumpotezi mtoto; kinachompoteza ni nyumba iliyo tupu. Pili, kujifunza lugha na mambo mema ya wenyeji si dhambi wala si aibu. Kanuni hizi mbili ndizo tutakazozipima katika yale yafuatayo.

2. Kabla ya safari

Jambo la kwanza ni nia. Nabii Ibrahimu a.s. alipomweka mkewe na mtoto wake mchanga katika bonde lisilo na mimea, Kurani Tukufu katika Sura Ibrahim yatueleza kwamba katika dua yake alitaja kusimamisha Sala kabla ya kuomba riziki ya matunda. Wazazi wengi wa leo hugeuza mpangilio huo. Huuliza mshahara, nyumba na shule, na habari ya dini huiachia siku watakapokuwa na nafasi. Nafasi hiyo haiji yenyewe.

Jambo la pili ni kujua masharti ya viza. Mwanafunzi wa chuo huko Marekani hupewa viza ya aina ya F-1, na mke au mume wake pamoja na watoto wao wasiooa wa chini ya miaka 21 huweza kuomba F-2. Watoto wenye F-2 huruhusiwa kusoma shule ya msingi na ya sekondari, lakini mke au mume mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Familia nyingi hupanga maisha kwa hesabu ya mishahara miwili, kisha hujikuta ugenini na mmoja. Masharti haya hubadilika, na mara nyingine milango hufungwa kwa watu wa nchi fulani. Basi uulize ubalozi kabla hujauza shamba wala ng'ombe.

Jambo la tatu ni karatasi za watoto: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya chanjo na ripoti za shule. Shule za huko hudai uthibitisho wa chanjo kabla ya kumpokea mtoto, na kila jimbo lina orodha yake. Asiye na cheti huweza kudungwa tena sindano alizokwisha kudungwa nyumbani.

3. Njiani

Tangu mwaka 2018 kumekuwako ndege ziendazo moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na safari hiyo huchukua takriban saa 15. Mtoto wa chini ya miaka 2 huweza kupakatwa na mzazi, lakini pakato la saa 15 si jambo dogo. Baba na mama wapokezane.

Mwenyezi Mungu amemrahisishia msafiri. Sala za Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa kuwa rakaa 2, huku Alfajiri ikibaki 2 na Magharibi 3. Na mwenye safari katika Ramadhani huruhusiwa kufunga siku nyingine. Usiifiche ruhusa hii kwa watoto. Wakikuona umekaa katika kiti cha ndege ukisali kwa utulivu, wamejifunza kwamba Sala haina nchi. Lakini wakiona kwamba siku ya safari Sala imeachwa kabisa, watajifunza jambo jingine, na hilo halitasahaulika upesi.

Mkifika, mtoto hatalala. New York iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7 wakati wa kiangazi na saa 8 wakati wa baridi. Mtoto aliyezoea kuamka nyumbani saa 12 asubuhi ataamka huko saa 5 ya usiku au hata saa 4, akitaka uji. Huo si utundu wala si ugonjwa. Mtoe nje mchana apate mwanga wa jua, mpe chakula kwa saa za huko, na baada ya wiki moja hivi mwili wake utatulia.

Tena, mfundishe saa. Sisi husema saa 2 asubuhi, na wao kwa wakati uo huo husema saa nane. Mtoto asiyeelezwa habari hii atachanganyikiwa mbele ya mwalimu wake, na huenda akaona haya kwa kosa lisilo lake.

4. Lugha ya nyumbani

Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Wazazi wengi hufika Marekani wakiwa na hofu kwamba mtoto atachelewa kujua Kiingereza, wakaamua kusema naye Kiingereza kibovu nyumbani. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto mdogo atakisikia Kiingereza shuleni, uwanjani na katika televisheni. Hakuna atakayemzuia kukijua. Kiswahili ndicho kisicho na mlinzi ila wewe.

Mwaka 1991 mtaalamu Lily Wong Fillmore wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu familia takriban 1,000 zilizokuwa na watoto wadogo nchini Marekani na zenye lugha nyingine nyumbani. Ilionekana kwamba kadiri mtoto alivyoingizwa mapema katika shule ya Kiingereza, ndivyo lugha ya nyumbani ilivyozidi kupotea. Lililo zito zaidi ni kwamba mahali fulani wazazi na watoto walifika hali ya kutoweza kuzungumza mambo ya maana. Mzazi alibaki na lugha ya jikoni tu: njoo, kula, lala.

Basi fikiri: mzazi mwenye lugha ya jikoni atamwelezaje mwanawe habari ya Mungu, ya haya, ya ndoa, ya kifo? Atamtulizaje binti yake atakaporudi shuleni akilia kwa kuwa amedharauliwa kwa rangi yake? Mtoto atawatafuta wengine wa kumweleza, nao watamweleza kwa namna yao. Anayepoteza lugha ya mama yake hapotezi maneno tu, bali hupoteza mlango wa kumwingilia mama yake.

Dawa yake si ngumu. Nyumbani iwe ni Kiswahili, na mtoto akijibu kwa Kiingereza ajibiwe kwa Kiswahili bila ugomvi. Asomewe hadithi kila usiku. Apigiwe simu bibi na babu kila juma, na mtoto mwenyewe awasalimie kwa shikamoo, wala asisemewe na mama yake. Pia afundishwe kusoma na kuandika Kiswahili, kwani lugha isiyosomwa hufa mapema. Na pale anapoleta neno jipya la Kiingereza kwa furaha, mfurahie, kama vile Mtume s.a.w. alivyomfurahia yule binti wa Habash.

5. Shule na haki zako

Shule za serikali Marekani hazitozi karo, na mtoto huanza chekechea akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Asiyejua Kiingereza hastahili kuachwa tu darasani asielewe kitu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua, katika shauri la wanafunzi wenye asili ya Kichina huko San Francisco, kwamba ni wajibu wa shule kuwasaidia watoto wasiojua lugha hiyo. Ukiona mwanao hasaidiwi, uliza kwa adabu, nawe u katika haki yako.

Kila asubuhi katika shule nyingi watoto husimama na kuisomea bendera kiapo cha utii. Wazazi wageni huuliza: Je, mwanangu atalazimishwa? Jibu ni hapana. Tangu mwaka 1943 Mahakama ya Juu imekataza kumlazimisha mwanafunzi. Kuheshimu nchi inayokukaribisha ni wema, na wale wa Habash walimshukuru Najashi. Lakini maneno ya kiapo ni juu ya wewe na mwanao kuyapima.

Vivyo hivyo shule ya serikali haiwezi kumfundisha mtoto kusali kwa dini yoyote. Mwaka 1962 Mahakama hiyo ilikataza sala zilizopangwa na serikali shuleni. Wengine huchukizwa na jambo hili, nao hawaoni kwamba limewalinda wao. Mtoto hakatazwi kusali mwenyewe wakati wa mapumziko, wala hakuna mwalimu atakayemsalisha sala isiyo yake.

Aidha, mwezi Juni 2025, wazazi Waislamu na Wakristo wa Montgomery County, Maryland, walipata hukumu ya Mahakama ya Juu. Walikuwa wamelalamika juu ya vitabu vya hadithi vilivyogusa mambo ya jinsia na ndoa kwa namna waliyoiona kuwa kinyume cha dini yao. Mahakama iliagiza waarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao katika masomo hayo wakati shauri likiendelea. Fundisho letu hapa ni hili: mzazi anayesoma barua zitokazo shuleni, anayehudhuria mikutano na kumjua mwalimu kwa jina, husikilizwa. Anayekaa kimya na kunung'unika nyumbani hamsaidii mwanawe.

Kuna na chakula. Nyama ya nguruwe imo katika soseji nyingi, na peremende laini mara nyingi hutengenezwa kwa gelatini itokanayo na nguruwe. Mwandikie mwalimu tangu juma la kwanza. Lakini usimfanye mtoto awe mtu wa kukataa tu. Tarehe 31 Oktoba wenzake watavaa mavazi ya kutisha, Alhamisi ya nne ya Novemba watakula karamu ya shukrani, na Desemba watapeana zawadi. Ikiwa siku zako za Idi zapita kimya kwa sababu baba yuko kazini, mtoto atapima upesi dini ipi ina furaha na ipi haina. Omba ruhusa ya siku hiyo shuleni na kazini, pika pilau, alika majirani, na umpe mwanao vya kupeleka kwa wenzake darasani ikiwa shule yaruhusu.

6. Sala na majira

Mtu wa pwani yetu amezoea jua lichwealo karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na Kibla kilichoelekea kaskazini. Marekani yote haya hubadilika. Kutoka New York Kibla kiko upande wa kaskazini-mashariki. Mwezi wa Desemba jua huchwa huko yapata saa 10 na nusu alasiri, hata mtoto anayerudi nyumbani saa 9 na nusu ana muda wa saa moja tu kuipata Alasiri. Mwezi wa Juni jua huchwa saa 2 na nusu usiku, Isha huingia baada ya saa 4, na alfajiri hupambazuka kabla ya saa 10 za usiku.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza kwamba mtoto aamrishwe Sala afikapo miaka 7. Basi tumia majira kwa hekima. Wakati wa baridi Magharibi na Isha hufika mapema. Ndio wakati wa kusali nyumba nzima pamoja, kisha kusoma. Wakati wa kiangazi usimlazimishe mdogo wa miaka 5 kukesha hadi Isha. Msalishe Magharibi na umlaze. Sala iliyofundishwa kwa upole huota mizizi, na iliyofundishwa kwa usingizi na kofi huchukiwa.

7. Sheria ya nchi

Tumetaja kofi, tuliseme wazi. Katika majimbo yote ya Marekani walimu na waganga hutakiwa kisheria kutoa habari wanaposhuku kwamba mtoto ameumizwa au ametupwa. Fimbo iliyoacha alama, mtoto aliyeachwa peke yake garini, au wadogo waliofungiwa nyumbani mama akiwa kazini, yote hayo huweza kuwaleta maafisa mlangoni, na watoto wakaondolewa. Usiseme, "Kwetu ndivyo tulivyolelewa." Kwetu mtoto aliachwa na shangazi, bibi na jirani, huko hayuko shangazi wala bibi. Kila jimbo pia hudai mtoto mdogo afungwe katika kiti chake maalumu ndani ya gari. Na mfundishe mwanao anwani ya nyumba yenu na namba 911, ambayo hupigwa wakati wa hatari.

Wengine huiona sheria hii kuwa uadui kwa mamlaka ya wazazi. Lakini Mtume s.a.w. aliwabeba watoto mabegani na kurefusha sijda kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni. Mzazi ambaye hana mamlaka ila fimbo hakuwa na mamlaka tangu mwanzo.

8. Hoja moja na jibu lake

Husemwa: "Watoto wakue kwanza, wakifika miaka 18 watajichagulia dini wenyewe." Hoja hii yapendeza masikioni, lakini hakuna mzazi aitumiaye katika jambo jingine. Hasemi, "Nisimfundishe kusoma, atachagua akikua." Tena, mtoto asiyefundishwa na wazazi hakai bila mafundisho. Barabara humfundisha, matangazo ya biashara humfundisha, na simu iliyo mkononi mwake humfundisha usiku na mchana. Kumpa mtoto dini si kumnyima uchaguzi, bali ni kumpa kitu cha kuchagua.

Jambo hili lina ushahidi katika ardhi ile ile. Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, Afrika Magharibi, alitekwa na kufikishwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na maandishi hayo yamehifadhiwa leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Alikufa akiwa bado mtumwa. Maelfu ya Waislamu wengine walipelekwa huko kwa minyororo, nao hawakuwa na uwezo juu ya watoto wao: mtoto aliweza kuuzwa asubuhi na mama asimwone tena. Ndiyo maana imani yao kwa sehemu kubwa ilikatika. Wewe waenda kwa hiari, na hati yako mkononi, na usiku mwanao yumo chini ya dari lako. Kile walichonyang'anywa wao, wewe usikitupe mwenyewe.

Maswali ya kujifunza nyumbani

1. Abdullah bin Jaafar alipata wapi mafundisho yake ya dini, naye alizaliwa ugenini?
2. Kwa nini mtoto asikemewe kwa kujua lugha ya wenyeji, na kwa nini hata hivyo lugha ya nyumbani ilindwe?
3. Je, nyumbani mwenu ni lini mara ya mwisho mtoto na mzazi walipozungumza jambo zito kwa nusu saa?
4. Ni saa ngapi jua litachwa huko mwendako katika Desemba, nanyi mmepangaje Sala za watoto?

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafirio, awajalie watoto wao kuwa kiburudisho cha macho yao, na awarudishe, au awakalishe, wakiwa watu wa Sala. Amin.